Kutu ya Kifaru cha Baba Mkwe

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nina chumba changu nyuma ya kliniki moja mjini Kisii, chenye dirisha linalopata jua la asubuhi, na kutwa nzima nashindana na rangi nyeupe. Nyeupe ya jino si nyeupe. Ina umanjano karibu na ufizi, ina ukijivu kwenye ncha, na jino la mtu aliyekunywa chai ya rangi tangu utotoni lina hudhurungi yake ambayo usipoiweka, mdomo mzima unaonekana kama wa kuazima. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kudanganywa na rangi. Nina jicho. Najivunia jicho langu, na mume wangu husema najivunia kupita kiasi.

Mume wangu anafanya kazi Uarabuni. Alipokuja likizo baada ya mamake kufariki, mimi aliniletea manukato, na babake akamletea sanduku la karatasi lenye picha ya kifaru cha vita. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kijivu, chungu nzima, vya kukatwa na kugundishwa kimoja kimoja hadi kipatikane kifaru cha ukubwa wa mkate. Baba mkwe alikuwa fundi wa vifaru jeshini kabla ya kustaafu na kurudi Gesima kwenye majani chai yake, na mume wangu alidhani kazi ile ingemwondolea ukiwa. Wazo lilikuwa zuri, ila alisahau vidole vya babake. Kipande cha kwanza kilipotelea kati ya dole gumba na cha shahada, kikaangukia nyasini, na kuku akapita nacho. Sanduku likafungwa, mume wangu akarudi kazini kwake.

Haukupita muda mrefu, wifi yangu aliyeolewa Ekerenyo akanipigia simu akiwa na ujumbe kutoka kwa babake. Alisema mzee anaomba yule mokamwana wa brashi ndogo ndogo amuunganishie kifaru. Lakini asimtengenezee kifaru cha gwaride, kinachong'aa kama sufuria mpya. Anataka chenye kutu.

Mokamwana ndiye mimi, mke wa mwanawe. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo Mgusii halihitaji kuelezwa. Kati ya baba mkwe na mke wa mwana kwetu kuna chinsoni, heshima ya kuoneana haya. Haingii nyumbani mwangu. Hatupeani mikono. Hatukai benchi moja, na mimi simkazii macho usoni. Nikizungumza naye natazama kwingine, naye vivyo hivyo. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa watu wa mjini, na nimeona wengine wakipiga picha wameshikana mabega na wakwe zao kama wanafunzi wa darasa moja. Baba mkwe wangu hakulegeza hata uzi mmoja, na mimi sikuwahi kumwomba alegeze. Mama mkwe alipokuwa hai hilo halikutusumbua, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba maneno kutoka upande mmoja hadi mwingine, akiyapunguzia ukali njiani na kuyaongezea chumvi alipotaka. Alipotutoka, tukabaki na salamu tu. Asubuhi, habari ya kulala, njema. Jioni, habari ya kushinda, njema. Nilimhurumia sana mzee yule na sikuwa na njia ya kumwambia.

Kwa hiyo nilikubali kifaru kabla wifi hajamaliza sentensi.

Wiki nzima niko mjini. Ijumaa jioni narudi Gesima, Jumamosi ni Sabato na hakuna anayegusa kazi pale kwetu, basi kifaru kikawa cha Jumapili. Nilikuwa nakaa barazani na kimeza changu, na katikati ya ua niliweka kreti ya soda iliyopinduliwa. Nikimaliza kipande, nakipeleka kwenye kreti na kurudi barazani. Naye anainuka kutoka kwenye kiti chake kando ya ukuta wa jikoni ya nje, anakichukua, anakigeuza geuza kwenye mwanga, anatoa maoni yake huku ameelekeza uso kwenye majani chai, anakirudisha na kwenda kuketi. Nami naenda kukichukua. Mpita njia angedhani tumegombana. Kumbe ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi na yeye kuzungumza mambo ya maana tangu nilipoolewa.

Kifaru chenyewe, aliniambia, alikuwa anakifahamu kama anavyowafahamu ng'ombe wake. Kilikuwa nyuma ya karakana ya kambi yao, kikingoja kipuri ambacho hakikuja. Wenzake walikisahau. Yeye kila asubuhi alipita akakisalimu, akakifuta maji ya mvua, akakitia girisi mahali palipowezekana, ingawa hakuna aliyemwamuru. Kisha akaenda likizo nyumbani, na aliporudi alikuta alama za minyororo kwenye matope na nafasi tupu. Walikuwa wamekivuta kwenda kukatwakatwa kuwa chuma chakavu. Haya hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu, alisema, mtu mzima akilia kwa ajili ya gari watu watamwonaje. Aliyaambia majani chai siku hiyo, na mimi nikayasikia.

Basi nikaingia kazi ya kutengeneza kutu. Nilijua kupaka jino, na nilidhani kutu itakuwa jambo jepesi. Nilianza kwa njia ya chumvi. Unapaka kipande rangi ya kahawia iliyoiva, kikikauka unakinyunyizia maji na kukitupia chumvi ya jikoni hapa na pale, halafu unapaka juu yake kijani cha jeshi. Kijani kikikauka unasugua kwa mswaki mkuukuu, chumvi inabanduka pamoja na rangi iliyoibeba, na kahawia ya chini inachungulia kama kutu iliyokula rangi. Ni njia nzuri sana. Mimi nilitupa chumvi kama ninayepika mboga za harusi. Baba mkwe aliushika ubavu ule wa kifaru, akayaambia majani chai kwamba gari hili linaugua surua. Nilicheka hadi nikaingia ndani, maana kumchekea mbele yake nisingethubutu.

Ubavu wa pili nilitumia chumvi kwa adabu. Minyororo ambayo kifaru hutembelea niliichovya kwenye maji niliyoyatengeneza kwa steelwool ya kusugulia sufuria iliyolazwa ndani ya siki hadi ikaoza. Udongo mwekundu wa njia ya kwetu niliukausha, nikauchuja kwa soksi ya nailoni, nikauchanganya na unga wa chaki. Ukiupaka kwa brashi kavu kwenye kona unatulia kama vumbi la miaka. Sponji za poda za wanawake nilizipata kwenye mitumba ya soko la Daraja Mbili, ndani ya mkoba ambao mwenyewe alisahau kutoa vitu vyake. Unararua kipande cha sponji, unakichovya rangi kidogo, unakigusisha kwenye kingo, na papo hapo rangi inaonekana imebanduliwa na mabuti ya askari. Siku niliyoweza hilo vizuri nilijisikia kama nimepanda cheo.

Yeye alinifundisha mahali pa kuitia kutu, nami nilijua namna ya kuitia, na kati ya hayo mawili kifaru kikaanza kuzaliwa. Aliniambia kutu haikai popote inapojisikia. Inaanza pale maji yanapolala: chini ya bolti, kwenye mshono wa chuma, ndani ya pembe ambayo kitambaa hakifiki. Inateremka na mvua, kwa hiyo michirizi yake lazima ifuate mteremko. Nikawa naangalia mabati ya majirani njiani kutoka kanisani, nikiisoma misumari yake, hadi mama mmoja akaniuliza kama nataka kununua nyumba yake.

Nataka kusema hili wazi, maana wakati ule sikulisema. Nilikuwa na furaha. Baba yangu mzazi simkumbuki, na jinsi watu wanavyokaa na baba zao jioni kuongea mambo yasiyo na haraka, mimi nilikuwa nasikia kwa wengine tu. Kwenye ua ule, na kreti ya soda kati yetu, nilikuwa nimepata baba wa kuongea naye. Namshukuru Mungu kwa plastiki ile ya kijivu kuliko manukato, na mume wangu anajua.

Ekzosi ndiyo ilikuwa sehemu aliyoipenda kupita zote. Hilo ni bomba la kutolea moshi, linalokaa nyuma ya kifaru. Alieleza kwamba bomba hilo huungua rangi yake yote kwa joto la injini, likabaki chuma kitupu, kwa hiyo kutu yake si ya mabaka, ni moja tu iliyoenea, kavu, laini kama unga wa wimbi. Nilichanganya rangi na soda ya kuokea ili ipate ukavu huo. Nikaipaka tabaka baada ya tabaka, kahawia, kisha nyekundu ya tofali, kisha kidogo tu ya rangi ya chungwa mahali pa juu panaponyeshewa. Nilipoiweka kwenye kreti nilijua nimeipata. Nilirudi barazani nikingoja sifa zangu.

Akaitazama sana. Akasema ni nzuri, ila imefifia. Niongeze uchungwa kidogo.

Nikaongeza. Jumapili iliyofuata akasema bado imefifia. Nikaongeza tena. Akasema inaelekea, lakini mwanga wake haujatoka, mbona naogopa rangi. Sasa jiweke mahali pangu. Mimi ninayeweza kutofautisha meno ya ndugu wawili wa tumbo moja naambiwa naogopa rangi. Moyoni nilichemka. Lakini mokamwana gani wa Kigusii atasimama uani amwambie baba mkwe kwamba hajui rangi ya kutu aliyoishi nayo ujana wake wote? Nilijiambia labda udongo wa kule kambini ulikuwa tofauti, labda vyuma vya jeshi hushika kutu kivyake. Nikachovya brashi kwenye chungwa, nikaendelea kutii. Mvua zilianza, mabati ya jirani yakazidi kuiva, na ekzosi yangu ikazidi kung'aa.

Mume wangu akaomba picha. Nilimtumia, akapiga simu akicheka.

"Hiyo nyuma ni nini? Mbona kifaru kimevaa reflekta ya bodaboda?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba ndivyo babake anavyotaka, na kama ana lolote amwambie mwenyewe.

Huenda ningeendelea kupaka hadi leo kama si bibi mmoja aliyekuja kliniki na binti yake kuchukua meno ya bandia. Nilikuwa nimeyalinganisha na meno yake machache yaliyobaki, nikiwa dirishani, nikaridhika. Bibi akayashika karibu na pua, akasikitika. Alisema ni machafu, yana rangi ya chai, niyang'arishe. Nikampa sampuli nyeupe zaidi. Akasema hata hiyo imefifia. Nikampa nyeupe kama kikombe, akasema angalau. Nilikuwa naanza kubishana naye kwa upole wangu wa kazini, ndipo binti akanivuta kando na kuniambia nisimsikilize mama, ana mtoto wa jicho, anangoja kupasuliwa. Kila kitu anakiona kana kwamba kimepitishwa kwenye chai ya maziwa.

Nilisimama na meno ya bibi mkononi, nikamsikia baba mkwe akisema imefifia, ongeza.

Mtu atauliza, na mume wangu aliuliza, iweje niishi boma moja na mzee nisione macho yake yakiharibika. Jibu ni hilo nililotangulia kueleza. Simtazami usoni. Nilijua viatu vyake, mkongojo wake, kofia yake, mgongo wake akielekea kwenye majani chai, kikohozi chake cha kutangaza anapita. Macho yake sikuyajua. Wanawe wako mbali, mke wake ambaye angeona yuko kaburini, na sisi tuliobaki naye tulikuwa tunamheshimu kwa kutazama pembeni.

Jumapili hiyo nilipeleka ekzosi kwenye kreti kama kawaida, ila sikurudi hadi barazani. Nilisimama kando ya maua, karibu kuliko nilivyowahi kusimama. Alipoinua kile kipande kwenye mwanga, nikainua macho yangu nikamtazama. Sijui nieleze vipi uzito wa jambo hilo kwa mtu wa kwingine. Nilihisi joto shingoni kama niliyeingia chumba cha mtu bila kubisha hodi. Nikamwona mzee mwenye uso mwembamba kuliko nilivyodhani, mwenye mikunjo ya kucheka, na katikati ya jicho moja palikuwa na weupe mzito, kama tone la uji. Jicho la pili lilikuwa limeanza. Alikigeuza kipande taratibu kukitafutia mwanga, akatabasamu, akasema sasa hapo ndipo penyewe.

Niliingia ndani nikalia. Kisha nikampigia wifi.

Wifi alikuja siku ya pili yake kutoka Ekerenyo, akamtazama babake machoni, yeye anayeruhusiwa, na akamburura kama mtoto hadi kwa daktari wa macho mjini. Daktari alisema ni mtoto wa jicho macho yote mawili, hupasuliwa na mtu akarudi kuona, lakini moja limekomaa mno na kadiri linavyongojwa ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Baba mkwe alisikiliza yote kwa heshima, akashukuru, akasema hapasuliwi. Kulikuwa na mwenzake mmoja wa rika lake aliyekwenda kutibiwa macho na kurudi nyumbani akiongozwa kwa fimbo. Yeye angalau anaona njia ya kanisani. Ndipo wifi akagundua kwamba hata hiyo njia haioni, ameikariri, na kitabu cha nyimbo anachokifungua kanisani huwa ni cha kushika tu. Walibishana hadi wakachoka. Mume wangu alipiga simu, mchungaji akaja, na kila mmoja aliondoka na jibu lile lile.

Kibaya zaidi kwangu, hakuja tena uani. Nadhani aliona aibu, au alijua ni nani aliyemchongea. Jumapili mbili tatu nilikaa barazani na kifaru changu, kiti chake kikiwa kitupu kando ya ukuta wa jikoni. Salamu zikarudi kuwa salamu. Habari ya kulala, njema. Nilijua kwamba asipopasuliwa, haitachukua muda atakuwa gizani kabisa, na tutamzunguka sote kwa adabu zetu, tukimwekea chai mkononi, bila mtu wa kuongea naye. Nilikasirika. Nikikasirika huwa sina subira.

Nilivuka ua hadi mlangoni kwake. Sikuingia. Nilisimama nje, upande, nikiutazama ukuta. Ndani redio ilikuwa inasoma habari. Nikabisha, akauliza ni nani, nikasema ni mimi. Kwa Kigusii chetu nilimwita Tata, yaani baba, nikamwambia nimekuja kuzungumzia ekzosi.

"Sema," akajibu.

"Tata, ile si rangi ya kutu. Imekuwa kama koti la mtu wa bodaboda. Kila uliposema imefifia niliongeza, na haikuwa imefifia."

Redio ikazimwa.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla mvua hazijaanza."

"Na wewe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, Tata? Wewe ndiwe Tata."

Nikamsikia akihema. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, lakini maneno yalikuwa yameshaanza kutoka na sikuweza kuyarudisha. Nikamwambia naogopa. Nikamwambia sitaki kumaliza kifaru hiki halafu nimweleze kwa mdomo kilivyo, hapa kijani, hapa kutu, kama mtu anayemsimulia mgeni. Nataka akione, hata kama ni kwa jicho moja, hata kama atasema ni kibaya. Sikujali tena kama ni adabu au si adabu.

Kisha akacheka kidogo, kicheko cha pumzi tu.

"Nilikuwa nasema rangi zako ni mbovu," akasema. "Kumbe geji ndiyo imekufa."

Akanieleza, sasa kwa sauti yake ya Jumapili, kwamba kwenye karakana walikuwa na dereva aliyeamini geji ya joto, kipimo cha injini, iliyokuwa imekwama. Injini inachemka, moshi unatoka, yeye anasema geji inaonyesha sawa. Waliokuwa wanamwona kutoka nje wakaogopa kumwambia kwa kuwa alikuwa mkubwa wao kwa cheo. Injini ile haikupona. Aliyasimulia hayo polepole, kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia hadithi yake mwenyewe. Halafu akasema nimwambie wifi yangu aje ampeleke.

Walianza na lile jicho lililokomaa mno. Mimi sikuwepo chumbani, haingefaa. Nilibaki mjini nikiharibu meno ya watu kwa wasiwasi, nikiyarudia upya. Asubuhi ya pili walipomfungua bandeji, wifi alinipigia simu na sikuelewa alichokuwa anasema kwa sababu alikuwa anacheka na kulia pamoja. Nilichoshika ni kwamba swali la kwanza la mzee lilikuwa kuhusu ukuta wa wodi: umekuwa wa buluu hivyo siku zote? Nesi akamwambia ndiyo, mzee. Akasema hakuna mtu aliyemwambia buluu bado ipo. Nilikaa chini kwenye sakafu ya chumba changu cha kazi, nikashukuru kwa sauti, na daktari wa meno akachungulia kuuliza kama nimejikata.

Jumapili aliyoruhusiwa kutoka nje bila miwani nyeusi, nilikisikia kikohozi chake. Nilikuwa nimekwisha weka kifaru kizima kwenye kreti. Nilirudi barazani nikatazama mikono yangu. Nikasikia hatua, kisha nikasikia amesimama. Kisha mzee yule alianza kucheka. Alicheka hadi akashika kiti, akacheka hadi mpwa wa jirani aliyekuwa akichuma chai ng'ambo ya ua akainuka kuona kuna nini. Alisema na gari la namna hii adui angelionea mbali, angedhani ni duka la matunda.

Nami nikacheka, hapo hapo, mbele yake, bila kukimbilia ndani.

Halafu akakisogeza karibu na lile jicho jipya. Alipitisha kidole juu ya bolti, akafuata mchirizi wa kutu ukishuka kwenye ubavu hadi chini. Alitazama minyororo. Alitazama pembe ambako kitambaa hakifiki. Akaliita jina la kambi yao, kwa upole, kama mtu anayemwita mtu mlangoni.

Ekzosi tuliirudia siku hiyo hiyo. Nililichomoa bomba, nikakwangua chungwa lote, nikaanza upya kwa kahawia, nikaja tofali, nikagusa chungwa kidogo tu kwenye mgongo wa bomba. Nikaipeleka. Akaitazama sana, kama zamani. Akasema ni nzuri, lakini yeye angeongeza wekundu kidogo, hapo ubavuni.

Nilitazama ubavuni. Wekundu ulikuwa unatosha. Ukiongezwa ungekuwa tofali la nyumba.

"Hapana, Tata," nikasema. "Hapo panatosha."

Upepo ulipita kwenye majani chai. Sikumwona uso, maana nilikuwa nimekwisha rudisha macho yangu mahali pake, lakini nilimsikia akikirudisha kile kipande kwenye kreti, taratibu, kikatua katikati kabisa.

"Uwe unanikatalia hivyo hivyo, mokamwana," akasema. "Mama yenu alikuwa ananikatalia kila siku, na tangu aondoke hakuna mtu aliyekuwa macho yangu."

Nikaenda kuichukua ekzosi, nikaipaka vanishi, na wekundu sikuuongeza.